Kununua majibu ya fishi za maswali kwa ajili ya memware

SWALI: Bwana asistanti, niko Bukavu, namaliza Mahusiano ya Kimataifa. Memware yangu (kazi ya kumaliza masomo) ni juu ya hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye kati ya Kongo na Uganda, namna malipo yanavyotekelezwa. Niligawa fishi 100 za maswali hapa mjini, zikarudi 23 tu. Kijana wa sekretariati, pale wanapochapa na kuprinti kazi, anasema atanijazia zile 77 na kunitengenezea matablo. Nadifanda mwezi ujao, je 23 zinatosha ao nikubali?

JIBU: Mdogo wangu, usikubali. Na hata hizo 23 ziweke kando, juu hata zingerudi zote mia hazingekusaidia, kwani ulimuuliza nani? Mama anayeuza sambaza pale Kadutu anajua vita kuliko mimi na wewe, lakini ukimpa fishi achague "sana, kiasi, hapana" kama Uganda inatekeleza hukumu, atatia alama popote ili umwache auze, halafu wewe unakuja kuandika 61% wamesema hapana. Jibu la swali lako haliko sokoni.

Hii kitu inanichosha kila mwaka kabisa. Sijui nani aliwaambia kama bila asilimia memware si sayansi, yaani mtu ana suje nzuri ya sheria ya kimataifa na hajafungua hukumu yenyewe hata siku moja, na iko bure kwenye saiti ya Mahakama, tena kwa Kifaransa! Ile ya tarehe 19 Desemba 2005 ilisema Uganda inawajibika kwa vita na uporaji ilivyofanya Kongo. Ile ya tarehe 9 Februari 2022 ikataja pesa: dola milioni 325, yaani 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Kongo iliomba zaidi ya bilioni 11. Soma uone ni mara ngapi majaji wanasema ushahidi uliotolewa hautoshi, na dai la hasara ya uchumi wa nchi nzima lilikataliwa lote. Sasa wewe unataka kuandika juu ya kesi hiyohiyo na namba ulizonunua?

Kwa utekelezaji, tafuta watu wanaohusika: wahanga wa vita vya siku sita vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda kule Kisangani, wakili mmoja ao wawili, mtu wa FRIVAO, ule mfuko wa kugawia wahanga fidia. Saba ama nane wanatosha, hata kwa simu, ilimradi uwaache waongee na uandike walichosema.

Na hawa vijana wa sekretariati, mjihadhari nao nyinyi wote. Wanauza tablo ileile kwa wanafunzi kumi, wanabadilisha suje tu, na mwaka unaofuata mwingine anakopi asilimia zako kama ukweli, juu ya wahanga ambao hakuna mtu aliyewauliza. Siku ya difanse juri ikiomba kuona fishi ya mtu wa 57 utaonyesha nini?

Kwenye metodolojia andika wazi: niligawa 100, nikapata 23, nikaziacha, na sababu ni hii. Onyesha direkta wako wa memware hiyo sehemu wiki hii, kabla hujaandika kingine.