Mkeo Alikwambia Chokaa, Wewe Ukatia Saruji

SWALI: Shangazi, assalamu alaykum. Mimi ni baba wa watoto watatu. Nimerithi nyumba ya marehemu baba yangu Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na huu ni mwaka wa pili naitengeneza kwa mikono yangu kila nitokapo kazini. Ukuta wa ukumbini nimeupiga plasta ya saruji mara tatu, na mara zote tatu imedondoka. Mke wangu alitaka nimwite mzee mmoja fundi wa chokaa, lakini fedha hizo nilinunulia saruji. Sasa amechukua watoto amekwenda kwao Wete, eti amechoka na vumbi. Nimfanyeje mwanamke asiyethamini jasho la mumewe?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa uchovu, kwani kushika mwiko hadi usiku na kisha kuikuta kazi yako imelala sakafuni ni jambo linaloumiza.

Hata hivyo, kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali watoto walipokuwa wakilala kwa miaka miwili hiyo, sikupaona. Nilichokiona ni ile sentensi uliyoipita mbio, ya mzee wa chokaa. Mkeo alikupa dawa tangu mwanzo, nawe ukaikataa kwa sababu ilitoka kinywani mwake.

Tena alikuwa sahihi. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Hunywa unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha huutoa polepole kupitia plasta ya chokaa iliyo laini kama zenyewe. Ukizifunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na plasta hufura ikaanguka pamoja na kipande cha ukuta wa babu zako. Hata ungeipiga mara kumi, itaanguka mara kumi. Linalonitia hofu zaidi ni boriti, kwa kuwa ncha zake zimelala ndani ya ukuta huohuo, na ukuta usiokauka huziozesha mahali ambapo jicho halifiki. Mji wetu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, ikiporomoka. Mama aliyeyaona hayo akawaondoa wanawe chini ya dari lako hakukimbia vumbi.

Siku hizi waume wengi hudhani kwamba kufanya kazi nyingi kunatosha kuitwa mume mwema, hata kama kazi yenyewe haikuombwa na haimfai aliye ndani. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Wewe umejenga heshima yako ukutani, na kila plasta inapoanguka unamkasirikia mke.

Kwa hiyo acha saruji leo. Nenda kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe ukaombe kibali, maana barua yako haikukitaja, na umtafute ajuaye azikague boriti kabla ya jambo lolote. Saruji yote ibanduliwe taratibu, ukuta uachwe upumue katika miezi mikavu ya kaskazi, kisha upigwe chokaa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikinyunyiziwa maji isipasuke na ikipewa siku zake za kushika. Mikono yako itahitajika kubandua na kubeba. Ya mwiko mwachie mwenyewe, fundi wa chokaa.

Halafu panda boti uende Pemba. Ukifika Wete usianze na habari za jasho lako. Mwombe mkeo radhi mbele ya wazazi wake, umwambie kuwa yule mzee ataitwa, na kwamba yeye ndiye atakayekaa naye wapatane bei.