Maswali ya wasomaji: Choshi, kipande cha kupasha pumzi

Mwalimu wangu wa shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Japani, hapigi chochote kabla ya kipande kifupi kiitwacho Choshi. Kina maana gani?

Kwa Wajapani neno hilo hubeba lahani ya ala, na pia hali ya mtu au ya kitu. Kipande hiki huwajulia hali watatu: mwanzi, pumzi na sikio. Mwanzi ukiwa baridi sauti hushuka kidogo; pumzi ikishaupasha, hupanda. Mpigaji anayekimbilia kipande kikubwa atajikuta yuko nje ya lahani kabla hajafika katikati. Choshi huenda polepole, sauti ndefu kwa pumzi moja moja, kwa hiyo mdomo uliolegea hauna pa kujificha. Mpiga udi wa taarabu anayetangulia na taksim atanielewa: wimbo bado, lakini muziki umeshaanza.

Basi ni mazoezi, au ni ibada?

Hapo ndipo penye utamu. Shakuhachi ilikuwa ala ya komuso, watawa wa madhehebu ya Fuke ya Ubuddha wa Zen, waliozunguka wakiomba sadaka huku nyuso zao zimefunikwa na kofia kama vikapu. Kwao kupuliza ndiko kutafakari. Tendo hilo huitwa suizen, zen ya kupuliza. Serikali ya Meiji iliyafuta madhehebu hayo mwaka 1871, lakini vipande vyao, honkyoku, vilinusurika. Mtu asiyempigia msikilizaji yeyote hana haja ya kutenga maandalizi na muziki wenyewe. Mimi naona Choshi ina uzito kuliko vipande vingi vya mbwembwe.

Rafiki yangu wa mkondo wa Kinko huanza na Hifumi Hachigaeshi. Nani kakosea?

Hakuna. Kila mkondo una mlango wake. Kurosawa Kinko, aliyefariki mwaka 1771, alikusanya vipande vya watawa, na mkondo wake ukashika mpangilio wake. Hachigaeshi ni kurudisha bakuli, lile la sadaka.

Nikiwa na haraka, naweza kuiruka?

Unaweza, ila usiruke ro, sauti ya chini kabisa, matundu yote 5 yakiwa yamezibwa. Ipulize dakika kadhaa, kwa utulivu. Ikitoka ikiwa na mikwaruzo, ahirisha kipande kirefu ulichokusudia na uendelee na ro.