Uliza Fundi: Mbona puli yangu inatoka ndogo?

SWALI: Habari za kazi. Mi nasubu alumini, nayeyusha pistoni mbovu namwaga kwenye kalibu ya mchanga. Juzi mteja kaniletea puli ya mashine ya kusaga, kipenyo milimita 200, nikaitumia hiyohiyo kama sampuli, mpya ikatoka 197 na kitu, halafu kitovuni imebonyea kama imekandwa na kidole gumba. Wenzangu wanasema mchanga wangu mbovu, kweli?

JIBU: Mchanga usiusingizie bure fundi wangu. Alumini ikipoa inanywea, kwa kawaida tunakadiria asilimia 1.3, kwahiyo 200 toa 2.6 unabaki na 197.4, si ndo hiyo uliyoipata? Chuma cha kusubu kinanywea kama asilimia 1, feleji inafika 2, ndo maana namba ya jirani anayesubu kitu kingine haikusaidii, na hata hii yangu usiikariri maana pistoni zina silikoni na silikoni inapunguza kunywea. Pima ya kwako.

Chukua kibao kilichonyooka, gongea pini mbili zilizoachana milimita 140 (vernia zetu nyingi, yaani vile vipimio vya taya mbili, zinaishia 150), vichwa vitokeze kidogo tu. Kifukie, na wakati wa kukitoa usikigongegonge sana, utapanua tundu halafu vipimo vyote uongo. Mwaga, kisha subiri, na hapa ndo wengi tunaharibu kwa haraka, kipande kikiwa bado na digrii 100 kinakudanganya robo milimita nzima, acha kipoe mpaka ukiweke shavuni usistuke. Kila pini itakuwa imeacha kinundu kwenye alumini, pima toka ukingo wa nje wa kinundu kimoja hadi ukingo wa ndani wa kile kingine. Tuseme umepata 138.2, gawanya 140 kwa hiyo, zidisha mara 200, sampuli yako inatakiwa iwe 202.6. Ipake puti ya gari milimita 1.3 kuzunguka ukingo wote, piga msasa, basi. Kama utakereza, ongeza nyingine ya kukereza.

Lile bonyeo ni kesi nyingine. Alumini ikiganda inapoteza kama asilimia 6 ya ujazo, sasa kitovu ni kinene, kinaganda mwisho na hakina pa kunywa. Kiwekee kisima juu yake, yaani nafasi ya kujaa alumini ya akiba ya kukinywesha, kinene kuliko kitovu chenyewe, kiwe cha mwisho kuganda, ukimaliza unakikata na msumeno unakirudisha kwenye chungu.

Na tundu la shafti nalo linapungua, halipanuki kama watu wanavyobishana vijiweni.