Kabla ya Kushika Mkuki Ziwani

Hivi karibuni kijana mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza, aliniandikia akitaka kujua anunue mkuki wa aina gani ili aanze kuwinda sangara kwa kupiga mbizi bila mtungi wa hewa. Kuhusu pumzi hakuuliza lolote, na kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo unaongezeka, nimeona nimjibu hadharani.

Mimi mbizi nilijifunzia pwani, kwa mwalimu ambaye, alipojua kwamba natokea Mwanza, alinicheka mbele ya wenzangu na kusema kuwa ziwa letu ni bwawa la kuogea. Kauli hiyo inanichoma hadi leo, ingawa sasa nazamia vizuri kuliko wengi waliocheka naye. Laiti angejua! Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ile ya Dar es Salaam, na muda wa kubana pumzi uliouzoea kule usiutegemee huku. Maji yasiyo na chumvi nayo hayambebi mtu kama ya bahari, kwa hiyo mwenye kilo 70 aliyetoka pwani hana budi kupunguza takriban kilo 2 za vipande vya risasi, yaani vyuma vizito vya kumsaidia kuzama, kwenye mkanda wake.

Vijana wetu hupenda kuhema kwa kasi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Wanachofanya ni kupunguza kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo huushtua mwili udai hewa. Oksijeni haiongezeki kwa maana yoyote, na mtu huzimia bila kuhisi dalili, mara nyingi akiwa amekaribia kuibuka au ameshaibuka. Ndiyo maana sizamii bila mwenzangu kubaki juu, na nikishaibuka huendelea kunitazama kwa nusu dakika nzima. Asiye na mwenzake wa kumtazama abaki nchi kavu, hata awe hodari namna gani.

Halafu kuna ukungu wa maji. Mvua zikinyesha, karibu na mji huuoni hata mkono wako ukiunyoosha, na humo kwenye miamba hunasa nyavu zilizotelekezwa na migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Mimi hufunga kisu mguuni, si kwa ajili ya samaki. Kufyatua mkuki mahali usipoona mwisho wake ni kumlenga mtu usiyemjua, na anayeliona hilo kuwa woga asinifuate.

Kichocho hakina haja ya maelezo marefu: epuka maji ya kina kifupi yenye majani, kapime, na ukikutwa nacho umeze dawa ya prazikwanteli kama utakavyoelekezwa. Kuhusu mamba na viboko, waulize wavuvi wa mwalo husika kabla hujalowa.

Sasa mkuki. Kabla ya kutoa fedha nenda kwa ofisa uvuvi umuulize kuhusu leseni na zana zinazokubalika, kwa sababu kanuni haziruhusu kila chombo. Maji yanayozunguka kisiwa cha Saanane yako ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2013, hivyo huko usivue kabisa. Na hata ukiruhusiwa kwingine, sangara aliye chini ya sentimita 50 mwache apite, na sato aliye chini ya sentimita 25 vilevile.