Hb 7.4 kwa mtoto wa miaka 3: si lazima iwe upungufu wa chuma

Dada, pole kwa mtoto. Umesema Hb (himoglobini, kipimo cha wingi wa damu) ni 7.4, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 82, retikulosaiti asilimia 11, na macho yana unjano. Kwa umri wake Hb isipungue 11, kwa hiyo damu ni kidogo kweli. Lakini chuma kikipungua, chembe nyekundu huwa ndogo na MCV hushuka. Yake haijashuka. Retikulosaiti ni chembe changa. Kwa kawaida hazizidi asilimia 2 hivi. Zikifika 11, uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, unahangaika kufidia damu inayovunjwa, na unjano wa macho unaelekea hukohuko.

Hapa Uganda, hasa kwenu Lira, nisingekaa bila kupima malaria na selimundu, ile sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu. Omba kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini, kinachoonyesha aina ya himoglobini aliyo nayo. Kama ameongezewa damu ndani ya miezi 3, waambie maabara, maana damu ya mtu mwingine huficha majibu. Vidonge vya chuma usiviongeze kwanza. Na akipata homa, kupumua kwa shida au tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, mkimbize hospitali usiku huohuo, usingoje majibu.