Ukiongoza wakfu wa masomo Lamu, usianzie kwenye karo

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitangazwa Januari, simu yangu haipumziki. Wafadhili wa Mombasa na wale walio ng'ambo huuliza swali moja: karo ya mtoto mmoja ni kiasi gani? Kwa muda ambao nimeongoza wakfu wetu hapa Amu, yaani Lamu mjini, nimezoea kuwajibu kwamba karo tutaizungumza baadaye.

Watoto wengi tunawapoteza kabla hawajafika chuoni. Baada ya matokeo kuna kuomba nafasi KUCCPS, shirika la serikali linalowagawa wanafunzi vyuoni, kisha kungoja, na vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wapya kuanzia Agosti au Septemba. Hapo katikati kijana aliyepata C+, alama ya chini kabisa ya kuingilia shahada, ameshapata kazi kwenye boti au mjengoni. Msichana ameshachumbiwa. Barua ya chuo inafika nyumba ambayo imeshapanga mambo mengine. Kwa hiyo pesa zako za mwanzo ziwekee miezi hiyo: mtu wa kuwapigia simu, posho ya kufundisha tuisheni mtaani, nauli ya boti kutoka Kizingitini au Kiunga kuja mjini kujaza fomu.

Fomu zenyewe zina kazi. Tangu 2023 serikali humpanga mwanafunzi wa chuo kikuu katika kundi kulingana na uwezo wa familia yake, na kundi hilo huamua atapata ufadhili kiasi gani, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, kiasi gani, na nyumbani watatoa nini. Niliwahi kuketi na mzee mmoja mvuvi wa kamba, mwanawe ameshika simu anasoma maswali. Mapato ya mwezi? Mzee akataja ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, tena kwa fahari.

"Na kusi je, baba?"

Akacheka. "Kusi twala madeni, mwanangu."

Tukahesabu mwaka mzima, tukatoa mafuta ya mashine na deni la nyavu, tukagawa kwa kumi na mbili. Lau fomu ingekwenda na jibu la kwanza, mtoto angehesabiwa pamoja na wana wa wenye maduka, na wakfu ungelipa kwa miaka minne ile tofauti iliyozaliwa na swali moja. Mtafute kijana mvumilivu wa kufanya kazi hii, umlipe vizuri. Mimi humwona wa maana kuliko mhasibu, ingawa mhasibu wetu hapendi kusikia hivyo.

Baada ya hapo pengo linalobaki huwa dogo: basi kutoka Mokowe, godoro, kodi ya chumba, na chakula mpaka pesa za HELB ziingie, maana muhula hauzisubiri. Karo ilipe kwenye akaunti ya chuo. Ya kujikimu mtumie mwanafunzi mwenyewe kidogo kidogo, si mjomba.

Kuhusu zaka, ifungulie akaunti yake. Ina mafungu manane ya wanaostahiki yaliyotajwa katika Qur'ani, kwa hiyo muulize maalim kabla ya kuigawa, na wino wa printa ununue kwa sadaka. Mtoto Mkristo wa Mpeketoni msaidie kutoka mfuko wa jumla, kwa fomu ile ile na siku ile ile.

Kamati ya kuchagua ndiyo itakayokunyima usingizi. Huku kila mtu ni binamu ya mtu, na ukitoka sokoni utasimamishwa na shangazi mwenye mjukuu. Sisi, mjumbe mwenye jamaa katika orodha hutoka nje jina lake likijadiliwa, na jambo hilo huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Wajumbe pia wasiwe wa Amu mjini pekee. Mtu wa Faza kisiwani na mtu wa Hindi kule bara wanajua umaskini ambao sisi hatuuoni.

Mfadhili akitaka picha ya mtoto akikabidhiwa hundi, mimi hukataa, kwa sababu mtoto huyo ataishi na wenzake mtaa huu huu. Humpelekea matokeo ya kila muhula, jina likiwa limefutwa. Wawili watatu wamekasirika wakaacha kutoa, na waliobaki wametutosha.