Umebadilisha gia, na cheni je?

Fundi wa baskeli anawajibu wasomaji

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi niko Wete, nnapeleka mikate asubuhi kwa baskeli ya mtumba ya gia 21, mbele tatu nyuma saba. Vilima vya kwetu unavijua, na tenga likishajaa ndo kabisa, bas nikashauriwa nitoe friwili ya zamani, lile fungu la gia za nyuma, ambayo gia kubwa yake ina meno 28 nitie yenye 34 ili nipande kwa wepesi. Nikatia. Siku ya mwanzo tu niko kilimani, mbele nimo gia kubwa, nikavuta na ile kubwa ya nyuma, nikaskia kraa, kutazama kile kikono cha nyuma kinachohamisha cheni kimevutwa mbele mpaka kimepinda. Fundi wa mtaani anasema atanitilia pingili mbili za cheni nyengine mambo yaishe. Nimkubalie?

JIBU: Waaleikum salaam yakhe. Pole sana, na shukuru kikono hakijaingia kwenye spoku, maana hapo gurudumu lingegota ghafla na wewe na mikate yako mngekuwa chini. Fundi wako usimkubalie bado, kwanza upimwe urefu, tena uangaliwe uzee wa hiyo cheni, ni mambo mawili mbalimbali na watu wengi wanayachanganya.

Tuanze na urefu. Cheni inaizunguka gia kama nusu yake hivi, sasa ukiongeza meno 6 nyuma ina maana meno kama matatu zaidi yanataka cheni, na kutoka pini moja mpaka ya pili ni nusu inchi, kwa hivo umekula inchi moja na nusu ambayo hukuwa nayo. Cheni haina pakuitoa, inakivuta kikono mpaka mwisho wake, na kikono kikifika mwisho kinapinda. Ndo ile kraa uliyoiskia.

Hesabu yake iko hivi na mimi huifanya kila mara hata kama baskeli naijua. Pima kutoka katikati ya ekseli ya pedeli mpaka katikati ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa inchi, halafu zidisha mara mbili. Chukua meno ya gia kubwa ya mbele ugawe kwa 4, na ya gia kubwa ya nyuma ugawe kwa 4, vyote jumlisha, malizia kwa kuongeza inchi 1. Tuseme yako ni inchi 17 na gia kubwa ya mbele ina meno 48. Zamani ilikuwa 34 na 12 na 7 na 1, jumla inchi 54. Sasa ni 34 na 12 na 8 na nusu na 1, unapata 55 na nusu, na kwa vile pingili ya ndani, ile nyembamba, lazima ikutane na ya nje, ile pana, huwezi kukata kwenye nusu, unapandisha juu inakuwa 56. Ukihesabu pini kwa pini zamani ni 108, sasa 112. Unaona sasa, zile pingili mbili za fundi, kama anahesabu pini kwa pini, ni inchi moja tu, unafika 55 na bado fupi, kesho kilimani yatakukuta yaleyale.

Usiyependa hesabu fanya hivi, izungushe cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kikono, ivute ikaze, tazama inapokutana, kisha ongeza inchi moja, ikiwa haikutani vizuri ndani kwa nje sogea mbele mpaka ikutane. Ikiwa ndefu kidogo utaona inalegea ukiwa gia ndogo na ndogo, inapigapiga chuma, inaudhi lakini haivunji kitu. Ikiwa fupi inavunja. Kwa hivo ukikosea kosea kwenye urefu.

Uzee sasa. Chukua rula ya chuma, usichukue futi ya kitambaa ya fundi cherehani maana ile inavutika. Pima pingili 24 pini kwa pini. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikishazidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, ibadilishe, na ikizidi kwa moja ya nane jua hata meno ya gia zilizokaa nayo yameshalika. Pini zikilika cheni inarefuka, ukiunga kipande kipya kwenye cheni iliyorefuka kile kipande hakikai kwenye meno sawa na wenzake, kila kikipita kinaruka, na wewe umetia friwili mpya kabisa, cheni kuukuu itaanza kukurukia na kuyala meno mapya ambayo umeyatolea pesa! Hapa ndo ninaposikitika, mtu anabana pesa ya cheni halafu anapoteza ya friwili. Cheni ikiwa bado nzima na vipande vya aina ileile, sawa, aongeze, lakini vinne si viwili.

Ukinunua mpya sema ya gia 7, au ya 6 au 8 ni hiyohiyo. Ile pana ya baskeli ya gia moja haipiti kwenye kikono, na ya gia 10 ni nyembamba mno kwako. Nyingi zinakuja na pingili 116, utatoa nne tu. Wakati wa kukata pini usiisukume ikatoka yote, iache ishikilie ubavu wa nje kwa ncha, ikishatoka kuirudisha ni taabu na hata ukiirudisha haishiki kama mwanzo. Cheni za Shimano zina pini yake maalumu ya kuungia yenye ncha ndefu, unaisukuma ikishapita ile ncha unaivunja kwa koleo. Ukimaliza ikunjekunje pale ulipounga, ikiwa ngumu ipinde kidogo kwa ubavu mpaka ilegee.

La mwisho kwako, kikono chenyewe. Mbele kama una 48 na 28 tofauti ni 20, nyuma 34 na 14 ni 20 nyengine, jumla 40, kikono kifupi hakiwezi kuumeza ulegevu wote huo wa cheni, na kwa vile chako kimepinda tafuta kirefu kinachobeba gia ya nyuma ya mpaka meno 34. Na kilimani, yakhe, gia kubwa ya nyuma inakwenda na ndogo ya mbele. Ukiwa 28 mbele na 34 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja unakwenda kama mita 1 na sentimita 70 tu kwa gurudumu la inchi 26, hata tenga likijaa utapanda umekaa.

SWALI: Kaka fundi, mimi nalima mwani huku Jambiani, nabeba magunia kwa baskeli la Phoenix la gia moja, mbele meno 44 nyuma 18. Nataka nitie 22 nyuma, je lazima ninunue cheni?

JIBU: Pengine hata hulazimiki dada yangu. Meno 4 yanataka inchi moja ya cheni, lakini kwako gurudumu linateleza kwenye mwanya wake, ukilisogeza mbele nusu inchi cheni ileile inatosha. Tazama kama mwanya umebaki. Kama haukubaki ongeza pingili mbili, ya ndani na ya nje, ikibaki kulegea nusu tu basi kwa cheni pana kama yako kuna ile pingili moja iliyopinda, nusu inchi. Cheni ikae inacheza kama sentimita moja katikati, usiikaze ikawa kama waya wa kuanikia. Klipu ya kuungia, upande uliozibwa uelekee inakokwenda cheni, ukigeuza itachomoka. Na ukishasogeza gurudumu rekebisha breki za fimbo, raba zitakuwa hazikai tena kwenye rimu. Mzigo utakuwa mwepesi, ila kila mzunguko utakwenda kama mita moja pungufu, usishangae.

Halafu maji ya bahari, dada, hayo ndo yanayoiua cheni yako kuliko mzigo. Ukirudi pwani imwagie maji ya bomba, ifute ikauke, tia mafuta ya cherehani tone kwa tone kwenye pini, ya juu juu uyafute. Grisi usitie, mchanga wote wa Jambiani utaganda humo.